Kutoka Mathari hadi Geneva: Maandishi ya J. C. Carothers na Njia Yalizopitia

Orodha ya maandishi ya John Colin Carothers, daktari wa hospitali ya akili ya Mathari katika Kenya ya kikoloni, si ndefu. Ina makala chache katika jarida la madaktari wa akili wa Uingereza, monografu moja iliyochapishwa na Shirika la Afya Duniani, ripoti moja ya serikali ya kikoloni ya Kenya, makala moja juu ya maandishi na akili iliyotoka Marekani, na kitabu cha uzeeni. Hata hivyo, katika historia ya tiba ya magonjwa ya akili barani Afrika ni wachache waliotajwa mara nyingi kama yeye, na ni wachache zaidi ambao maneno yao yalitoka wodini yakaingia katika ofisi za watawala na kugusa maisha ya watu wasiowahi kuugua wala kuonana na daktari. Kutajwa, kwa maana ya kitaaluma, ni ile desturi ya mwandishi kuonyesha kazi aliyoitegemea au aliyoipinga, na siku hizi wanazuoni hupimwa uzito kwa idadi ya kutajwa kwao. Habari za Carothers zinadai uangalifu katika kutumia kipimo hicho, kwa sababu sehemu kubwa ya waliomtaja, hasa baada ya mwaka 1955, walimtaja ili kuvunja alichokijenga.

Hospitali iliyompa data zake ilikuwa na historia yake kabla hajaifikia. Mahali ilipo Mathari, pembezoni mwa Nairobi, palikuwa kwanza kituo cha kuwatenga wagonjwa wa ndui, kisha mwaka 1910 pakafanywa nyumba ya kuwafungia waliohesabiwa kuwa wendawazimu, na mwaka 1924 pakapewa jina la Hospitali ya Akili ya Mathari. Katika miaka ya 1930 hospitali hiyo ilihusishwa na H. L. Gordon, daktari aliyeshabikia yujeniki, yaani imani kwamba jamii za watu zinaweza kupangwa kwa ubora wa damu na kuboreshwa kwa kudhibiti uzazi, imani iliyopata wafuasi wengi miongoni mwa walowezi wa Kenya. Mwaka 1934 F. W. Vint, mtaalamu wa maabara ya serikali mjini Nairobi, alichapisha katika jarida la anatomia la Uingereza matokeo ya kupima bongo 100 za wanaume Waafrika waliofariki, akazilinganisha na vipimo vya bongo za Wazungu vilivyokwisha kuchapishwa kwingine, akadai kwamba gamba la ubongo, ile tabaka ya juu inayohusika na fikra, lilikuwa jembamba kwa takriban asilimia 15. Bongo za upande mmoja zilitoka kwa watu waliofia hospitalini katika koloni, ambako utapiamlo na maradhi ya muda mrefu vilikuwa jambo la kila siku, ilhali za upande wa pili zilikuwa zimepimwa na watu wengine, mahali pengine, kwa maandalizi mengine. Ulinganisho wa namna hiyo haukustahili kubeba uzito wa hukumu juu ya bara zima, lakini ulichapishwa, na kilichochapishwa hubaki rafuni kikimsubiri atakayekihitaji.

Aliyekihitaji alikuja mwaka 1938. Carothers, mzaliwa wa Afrika Kusini wa mwaka 1903 aliyesomea udaktari London, alikuwa ameingia katika utumishi wa tiba wa koloni la Kenya mwaka 1929 na kufanya kazi ya daktari wa kawaida kwa miaka tisa, kabla ya kukabidhiwa Mathari bila kuwa na mafunzo rasmi ya tiba ya akili, ambayo aliyapata baadaye, kwa muda mfupi, akiwa likizo Uingereza. Alibaki hapo hadi mwaka 1950. Wodi zikiwa zimejaa na wahudumu wakiwa wachache, alianza kuandika kumbukumbu za wagonjwa kwa bidii ambayo haikuwa ya lazima kwa cheo chake, na mwaka 1947 bidii hiyo ikazaa makala ndefu katika jarida la madaktari wa akili wa Uingereza, iliyohusu kuvurugika kwa akili kwa Waafrika wa Kenya.

Hoja kuu ya makala hiyo ilisimama juu ya tarakimu moja. Carothers alihesabu Waafrika waliolazwa Mathari katika miaka ya vita, akagawanya kwa idadi ya Waafrika wa koloni, akapata wastani wa watu 3.4 kwa kila 100,000 kwa mwaka, kiwango kilichokuwa chini mno kikilinganishwa na cha Uingereza na Wales. Kutokana na hapo aliona mambo mawili: kwamba kichaa kilikuwa haba kwa Mwafrika aliyeishi kijijini kwake chini ya mila zake, na kwamba kiliongezeka kwa aliyetoka nyumbani kwenda kutafuta kazi mjini au mashambani kwa walowezi. Jambo la tatu lilikuwa zito kuliko yote. Sonona, ule ugonjwa wa huzuni inayomlemea mtu mpaka anapoteza nguvu, usingizi na hamu ya kuishi, ilionekana kwa nadra sana katika madaftari yake, naye akaeleza kwamba Mwafrika hulindwa dhidi yake kwa kuwa hajizoezi kubeba dhamana ya nafsi yake, wala haoni hatia ya ndani, bali huyatupia makosa mapepo, wachawi na jirani.

Tarakimu hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndiyo iliyosafiri kuliko kitu kingine chochote alichokiandika. Kila mgawanyo una namba ya juu na namba ya chini, na hapa zote mbili zilikuwa na kasoro. Namba ya chini, yaani jumla ya Waafrika wa Kenya, haikuwa imehesabiwa na mtu yeyote, kwa sababu sensa ya kwanza kamili ya Waafrika ilifanyika mwaka 1948, baada ya makala kuchapishwa, na kabla ya hapo serikali ilitegemea makadirio. Namba ya juu ilikuwa na kasoro kubwa zaidi. Mgonjwa hakufika Mathari kwa sababu aliugua. Alifika kwa sababu ugonjwa wake uliwashinda watu wengi mfululizo. Kwanza ndugu zake walimtunza, pengine kwa miaka, kisha mganga akaagua na kutibu, kisha wazee wakaketi, na ni pale tu alipochoma nyumba, alipopiga watu au alipokutwa akizurura mjini ndipo chifu, polisi au mkuu wa wilaya alipoingia na karatasi za kumpeleka Nairobi zikaandikwa. Mama aliyekaa kimya kwenye kona ya nyumba, asiyekula, asiyelala, asiyeinua jembe, hakumsumbua askari yeyote, na kwa hiyo hakuandikwa katika daftari lolote. Daftari la Mathari lilikuwa kumbukumbu ya nani aliyeisumbua serikali, na Carothers alilisoma kama kumbukumbu ya nani aliyeugua. Kusema hivi si kumdai ujuzi wa zama za baadaye, kwani tofauti kati ya waliolazwa na walio wagonjwa ilijulikana na madaktari wa Ulaya wa wakati wake, na yeye mwenyewe aliigusia kabla ya kuipita.

Mwaka 1951 alitoa makala iliyomwandama mpaka kaburini na baada yake, ile iliyohusu kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo. Ili kuielewa inafaa kukumbuka kwamba miaka miwili kabla yake, mwaka 1949, Mreno Egas Moniz alipewa Tuzo ya Nobel kwa upasuaji uitwao lobotomia, ambao hukata nyuzi zinazoiunganisha sehemu hiyo ya mbele na ubongo uliobaki, na ambao humwacha mgonjwa ametulia lakini amepungukiwa na uwezo wa kupanga, kujali na kuona mbali. Carothers aliyachukua maelezo ya tabia za Wazungu waliofanyiwa upasuaji huo, akayaweka kando ya maelezo ya tabia za Waafrika kama yalivyotolewa na wakoloni, akaona yanafanana, akahitimisha kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Vipimo vya Vint vilikuwa karibu, vikitoa harufu ya maabara kwa hoja iliyokuwa, kwa asili yake, mkusanyiko wa malalamiko ya waajiri juu ya vibarua wao. Hakuna kasoro katika maandishi yake yote iliyo ya kusikitisha zaidi ya hii, kwa kuwa ndani yake mtu aliyeishi miaka 20 na zaidi kati ya Waafrika, na ambaye waliomfahamu hawakumwona kuwa katili, aliwatazama wagonjwa na wazima wao kwa macho ya mwajiri.

Kilichomtoa katika kurasa za jarida na kumweka mbele ya dunia ni mwaliko wa Shirika la Afya Duniani, lililokuwa bado changa, na ambalo mkurugenzi wake mkuu wa kwanza, Brock Chisholm wa Kanada, alikuwa mwenyewe daktari wa akili. Carothers, aliyekuwa amekwisha kustaafu Kenya na kuhamia Uingereza, alikusanya maandishi yaliyokuwepo juu ya mada hiyo pamoja na yake, na mwaka 1953 shirika likatoa kutoka Geneva monografu yake juu ya akili ya Mwafrika katika afya na ugonjwa, ikiwa namba 17 katika mfululizo wake. Kichwa kidogo cha kitabu kiliitaja taaluma kwa jina la ethnosaikiatria, yaani uchunguzi wa magonjwa ya akili kwa kuangalia mila na desturi za watu fulani. Kwa haki yake isemwe kwamba kitabu hicho kina tahadhari kuliko makala ya 1951: kinazungumzia malezi ya watoto, lishe duni, malaria na minyoo kama mambo yanayoathiri akili, na mara kwa mara kinaelekea kwenye mazingira kuliko kwenye damu. Lakini hakikuuacha ubongo wa Vint, na kichwa chake chenyewe kilidhani kwamba ipo akili moja ya Mwafrika, kuanzia wafugaji wa jangwani hadi wavuvi wa ziwani, inayoweza kuelezwa ndani ya majalada mawili.

Muhuri wa Geneva ulifanya kazi ambayo ushahidi usingeweza kuifanya. Daktari kijana aliyepelekwa koloni lolote alikutana na kitabu kimoja tu chenye jina la shirika la kimataifa, akakisoma kama mwongozo, na mwaka uliofuata toleo la Kifaransa likakifikisha kwa madaktari wa Dakar na Algiers. Mwaka 1970 kilichapishwa tena Marekani. Mengi ya kutajwa kwake katika miaka hiyo ni ya mwendo huu: mtafiti anataka sentensi moja ya kuonyesha kwamba sonona ni haba Afrika, anaichukua kwa Carothers, na anayefuata anaichukua kwa huyo wa pili bila kurudi kwenye daftari la Mathari.

Tawi lenye madhara ya moja kwa moja lilichipuka mwaka 1954. Kenya ilikuwa katika Hali ya Hatari tangu Oktoba 1952, na serikali ilimwita Carothers arudi aieleze saikolojia ya Mau Mau, uasi dhidi ya utawala wa kikoloni uliowahusisha hasa Wakikuyu. Ripoti yake fupi, iliyotolewa na mpiga chapa wa serikali mjini Nairobi, ilisema kwamba Wakikuyu, kwa kuishi kwao kwa kutawanyika kwenye misitu na vilima, walikuwa wamekuza tabia ya usiri na ya kila mtu kujitegemea, kwamba mabadiliko ya kikoloni yalikuwa yamewavua mila bila kuwavika kingine, na kwamba viapo vya Mau Mau vilijaza pengo hilo. Alipendekeza watu wakusanywe vijijini. Katikati ya mwaka huohuo serikali ilianza kuwahamisha Wakikuyu kwa nguvu, na hadi mwisho wa mwaka 1955 watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamewekwa katika vijiji zaidi ya 800, vingi vikiwa na mahandaki, miba na minara ya walinzi. Si kweli kwamba ripoti ndiyo iliyozaa sera hiyo, kwa kuwa wanajeshi walikuwa tayari na mfano wa uhamishaji kama huo uliofanywa na Waingereza huko Malaya na sababu zao za kivita za kuwatenga wapiganaji na chakula. Ilichokifanya ripoti ni kuipa sera lugha ya tiba: uvamizi wa makazi ukasomeka kama dawa, na madai ya ardhi, ambayo mkulima yeyote wa Kiambu au Nyeri angeyaeleza kwa sentensi mbili, yakageuka kuwa dalili za ugonjwa. Mtafiti anayekubali kuwaeleza watawaliwa kwa mtawala aliye vitani nao anabeba dhima ambayo jarida la kitaaluma haliwezi kumpunguzia.

Majibu yalikuja upesi kutoka kwa watu wawili waliokuwa madaktari wa akili kama yeye. Wa kwanza ni Thomas Adeoye Lambo, mzaliwa wa Abeokuta nchini Nigeria, ambaye mwaka 1954 alianzisha huko Aro utaratibu wa kuwaweka wagonjwa katika vijiji vinavyoizunguka hospitali, kila mmoja akiwa na ndugu yake, wakilala kwa wenyeji na kufuata matibabu mchana. Mwaka 1955, katika jarida lilelile la madaktari wa Uingereza lililokuwa limemchapisha Carothers, Lambo aliandika kwamba maandishi ya namna ile yalikaribia zaidi hadithi za kubuni zilizovikwa vazi la sayansi kuliko utafiti, na kwamba yalibeba upendeleo wa rangi. Wa pili ni Frantz Fanon, aliyehudumu katika hospitali ya Blida nchini Algeria hadi mwaka 1956 na ambaye, katika kitabu chake cha mwisho cha mwaka 1961, alimweka Carothers pamoja na walimu wa shule ya tiba ya Algiers, akaonyesha jinsi mlinganisho wa Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa ubongo ulivyokuwa chombo cha utawala. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa na kutolewa Dar es Salaam na Tanzania Publishing House mwaka 1978, na kwa njia hiyo wasomaji wengi wa Kiswahili walilijua jina la daktari wa Mathari kwanza kupitia mpinzani wake. Lambo naye alikuwa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1973 hadi 1988, akiketi katika makao yaleyale ya Geneva yaliyokuwa yametoa monografu namba 17.

Kuna mkondo mwingine wa athari zake ambao mara nyingi husahauliwa na wanahistoria wa tiba. Mwaka 1959 Carothers alichapisha katika jarida la Marekani makala juu ya utamaduni, tiba ya akili na neno lililoandikwa, akidai kwamba mtu wa jamii isiyoandika huishi katika ulimwengu wa sauti, ambamo neno ni tendo lenye nguvu, ilhali kusoma huhamisha neno kutoka sikioni hadi machoni na kumfundisha mtu kujitenga na mawazo yake. Marshall McLuhan wa Kanada aliinukuu kwa wingi katika kitabu chake cha mwaka 1962 juu ya ustaarabu wa Gutenberg, na Walter Ong akairejelea katika kitabu chake cha mwaka 1982 juu ya usimulizi na maandishi, hata nadharia ya vyombo vya habari inayofundishwa leo katika vyuo vikuu vingi ikawa na jiwe moja la msingi lililochongwa Mathari. Msomaji wa pwani hawezi kuipita hoja hiyo bila kusimama. Koloni lilelile alilolitumikia Carothers lilikuwa na Mombasa, Lamu na Pate, ambako Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya reli, ambako hati ya Utendi wa Tambuka ina tarehe ya mwaka 1728, na ambako watu waliomiliki hati hizo walikuwa wakizighani kwa sauti mbele ya hadhara, sikio na jicho vikifanya kazi moja. Picha ya Mwafrika asiyejua maandishi, aliyefungwa katika sauti, haisimami mbele ya maktaba hizo za majumbani, na ni jambo la kujutia kwamba McLuhan na Ong hawakukutana nazo.

Carothers mwenyewe hakunyamaza. Mwaka 1972 alitoa London kitabu cha mwisho juu ya akili ya mwanadamu katika Afrika, akilegeza baadhi ya kauli zake na kushikilia nyingine, lakini wakati huo uwanja ulikuwa umemhama. Alifariki mwaka 1989. Miaka sita baadaye Jock McCulloch alichapisha Cambridge utafiti wa kitabu kizima juu ya tiba ya akili ya kikoloni, ambamo Carothers ni mhusika mkuu, na tangu hapo idadi kubwa ya wanaomtaja ni wanahistoria, wanaomsoma kama ushahidi wa fikra za wakati wake.

Jambo lililochukua muda mrefu zaidi kurekebishwa ni lile la sonona, na ndilo lililowagharimu wagonjwa zaidi, kwa maana ugonjwa ambao daktari amefundishwa kwamba haupo hauwezi kutibiwa hata unapoketi mbele yake. Margaret Field, aliyekuwa mtafiti wa mila kabla ya kuwa daktari, hakwenda hospitalini kuutafuta. Alikwenda kwenye mahekalu ya waganga wa vijijini nchini Ghana, akakaa na kusikiliza yaliyoletwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1960 anaeleza jinsi wanawake wa Kiakan walivyofika hapo wakijishtaki wenyewe kuwa wachawi, wakisema wamewaua watoto wao, wameharibu mashamba, hawastahili kuishi. Ile hatia ya ndani ambayo Carothers alisema Mwafrika hana ilikuwa pale, imevaa nguo za uchawi, na mshtakiwa alikuwa mshtaki mwenyewe. Utafiti wa pamoja wa Lambo na Alexander Leighton kati ya Wayoruba, uliochapishwa mwaka 1963, ulikuta dalili za sonona zimeenea hata pale ambapo lugha haikuwa na neno moja la kuutaja ugonjwa huo. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 Raymond Prince, daktari wa Kanada aliyefanya kazi Nigeria, alipanga ripoti zote kwa miaka yake, akaona kwamba zile za kabla ya mwaka 1957, ambao Ghana ilipata uhuru, ziliuita ugonjwa huo haba, na za baadaye ziliuita wa kawaida, akauliza kama waliobadilika walikuwa wagonjwa au madaktari.

Jibu la Afrika Mashariki lilitolewa mwaka 1979, mara mbili. John Orley na John Wing walipeleka katika vijiji viwili vya Uganda dodoso la kitabibu lililotafsiriwa kwa Kiganda, wakawauliza watu majumbani mwao, wakakuta sonona kwa wanawake kwa kiwango kilichozidi kile cha wanawake wa Camberwell, mtaa wa kusini mwa London. Katika Kenya yenyewe, David Ndetei na J. Muhangi walichunguza watu waliokuja kutibiwa maradhi ya kawaida katika kliniki ya mashambani, na takriban mmoja kati ya watano alikuwa na ugonjwa wa akili, hasa sonona na wasiwasi. Hakuna chifu aliyewaleta, wala karatasi iliyoandikwa kwa ajili yao; walikuwa wamejipanga foleni pamoja na wagonjwa wengine, wakingoja kumwambia daktari mahali panapowauma.